Gari la michezo la kuishi nalo Tabora: anza na spea, nguvu baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza gari lipi lina mbio. Kwa mtu wa Tabora au Kigoma kuna swali linalotangulia: pedi za mbele zikiisha Jumatano, utazipata wapi kabla ya Jumamosi?

Ukitaka gari moja tu, la kwenda nalo kazini wiki nzima na kuchezea uwanjani mwisho wa wiki, tafuta toleo la michezo la gari ambalo ndugu yake wa kawaida tayari ni teksi mjini kwako. Bodi ni ile ile, bushi nyingi ni zile zile, kioo cha mbele ni kile kile, na fundi wako anaijua koneksheni yake kwa macho. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Tabora. Kilichopo Gerezani, mtaa wa spea wa Dar, kitapanda basi na kukufikia baada ya siku moja au mbili. Kinachoagizwa Japani kitakuacha na gari juu ya mawe kwa wiki kadhaa, hata kama ni kipande cha mpira cha kutosha kiganjani.

Kabla ya kuangalia gari lolote, yajue mambo mawili ya huku kwetu, maana yanabadilisha hesabu zote za kwenye matangazo.

La kwanza ni mwinuko. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani. Injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo gari lililoandikwa nguvu za farasi 210 hapa linakupa kama 185. Kigoma mjini, karibu na ziwa, ni mita 800 hivi, hasara inapungua. Injini ya tabo hulipa pengo hilo kwa kuzungusha tabo kwa kasi zaidi, na hilo linaongeza joto. Maji matupu nayo huchemka mapema: Tabora ni kama nyuzi 96, si 100. Ndiyo maana rejeta ya gari la michezo haitaki maji matupu. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na mfuniko wa rejeta ambao mpira wake bado ni mzima, kwa sababu presha ya mfuniko ndiyo inayozuia kuchemka.

La pili ni petroli. Pampu zetu zinauza oktani 95 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili bila kuwaka mapema). Japani wana petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo iko kwenye 90 hivi, na ya daraja la juu, inayofika 98 hadi 100. Magari yao mengi ya michezo yalisetiwa kwa hiyo ya juu. Ukiyawekea 95, sensa ya noki husikia mafuta yanawaka kabla ya wakati na kompyuta inachelewesha cheche. Gari linatembea, lakini limepoteza nguvu kidogo na moshi unatoka wa moto zaidi. Kwenye injini isiyo na tabo hili linavumilika. Kwenye tabo iliyoongezwa presha na mtu asiyejulikana huko ilikotoka, ndipo pistoni zinapopasuka. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo wakati unapanda kilima kwa gia kubwa, punguza mguu na ushushe gia palepale.

Sasa magari yenyewe. Toyota Corolla Runx Z ndiyo ningeitaja kwanza. Runx za kawaida zimejaa barabarani, na watu hawajui kwamba kuna moja yenye injini ya 2ZZ-GE: cc 1,795, nguvu za farasi 190, gia 6 za manyuali, uzito chini kidogo ya kilo 1,200. Chesisi yake inaanza na ZZE123. Ikianza na NZE121 ni cc 1,500, ikianza na ZZE122 ni 1ZZ ya kawaida, hata kama imefungwa bampa na spoila za Z. Soma namba ya chesisi kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji.

Kamshafti ya 2ZZ ina nundu za aina mbili, fupi za mwendo wa kawaida na ndefu za RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za juu. Ikifika RPM 6,200 hivi, presha ya oili inasukuma kipini kidogo ndani ya roka (mkono unaosukuma vali), vali zinafunguka zaidi, sauti inabadilika ghafla na gari linavuta upya. Chini ya hapo ni Corolla mpole, na kwa siku za kazi unataka hivyohivyo. Wakati wa kulijaribu, acha injini ipate joto kamili, tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya pili na ukanyage hadi mwisho. Kama sauti haibadiliki, sababu huwa mojawapo ya tatu. Oili imepungua, na hii ndiyo rahisi kuliko zote. Au wavu mdogo wa chujio la vali ya oili umeziba kwa tope. Unafunguliwa, unasafishwa, unarudishwa. Au bolti za roka shafti, ambazo oili hupitia, zimelika au kukatika. Ni ugonjwa wa injini za miaka ya mwanzo, na dawa yake ni kufungua tapeti kava na kufunga bolti za toleo la baadaye. Ziko mbili tu, na mafundi wengi hubadilisha zote kwa pamoja.

Silinda za 2ZZ hazichongwi. Kuta zake zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na nyuzi ngumu, na mashine ya kawaida ya kuchonga inaiharibu bloku moja kwa moja. Fundi akikwambia ataweka pistoni za ovasaizi, chukua gari lako uondoke. Kitu kingine kinachoiua injini hii ni kukosea gia: unatoka ya tatu ukiitafuta ya nne, mkono unaingia ya pili, RPM zinapita kiwango na gia za oili pampu zinapasuka. Sekunde chache baadaye injini imekufa. Kwa hiyo bushi za liva ya gia zikilegea, badilisha mapema. Oili inaingia lita 4.4 pamoja na filta. Ipime kila unapojaza mafuta, maana injini nyingi za aina hii hula oili kidogo hata zikiwa nzima.

Altezza inafuata, na kwa anayetaka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ndiyo chaguo la busara zaidi hapa kwetu. Hapa pia chesisi ndiyo inasema kweli. SXE10 ni RS200 yenye 3S-GE ya silinda 4, nguvu za farasi 210 kwa manyuali. GXE10 ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda 6, nguvu za farasi 160, laini zaidi, na unywaji wake wa mafuta hauko mbali na wa RS. Altezza nyingi zilizo mitaani ni GXE10 za oto, baadhi zikiwa zimebandikwa nembo ya RS200. RS200 inatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na tenshena na wota pampu, na kama hujui historia ya gari, ubadilishe wiki ya kwanza. Ukikatika, vali zinagonga pistoni.

Udhaifu wake mkubwa ni boli jointi za chini za mbele. Zinabeba uzito mkubwa, na barabara za kokoto zinazimaliza haraka. Nyanyua gari kwa jeki, ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua taratibu huku mwenzako ameshika boli jointi kwa vidole. Akihisi mchezo wowote, hata mdogo, zibadilishe zote mbili. Jointi ikichomoka kwenye mwendo, gurudumu linalala chini ya fenda na usukani haufanyi kazi tena. Kwa spea hii usinunue iliyotumika, hata ikiwa inang'aa.

Swift Sport inawafaa wanaopenda gari jepesi. ZC31S (2005 hadi 2010) ina cc 1,600 na nguvu za farasi 125. ZC32S iliyofuata ina 136 na gia 6. Zote ziko kwenye kilo 1,050 hivi, na injini ya M16A inatumia cheni, kwa hiyo mkanda wa taimingi hauhusiki. Wepesi ndio utajiri wake: breki hazichoki haraka, tairi zinadumu, mafuta yanatosha. Spea za bodi zinaingiliana na Swift za kawaida kwa sehemu kubwa, ila breki na shokapu ni zake mwenyewe, kwa hiyo agiza seti moja ya akiba mapema.

Vitz RS, NCP91, wengi wanaidharau. Nguvu za farasi 110 tu. Lakini injini yake ni 1NZ-FE, ileile ya IST na Probox, ina oili lita 3.7, spea zake ziko kila duka kuanzia Tabora hadi Ujiji, na ilitengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, kwa hiyo 95 yetu inaitosha na kubaki. Kwa anayeanza kujifunza kona na breki, sioni gari linalofundisha kwa gharama ndogo kuliko hili.

Najua nitaulizwa Subaru. Impreza ya tabo kwenye vumbi na tope ni gari la kweli, na rali za Afrika Mashariki zimelithibitisha kwa miaka mingi. Ila injini ya EJ20 haisamehe oili iliyopungua: kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, bering za koni rodi zinakauka, na hapo ndipo unasikia mlio wa nyundo. Giaboksi ya gia 5 ya WRX ni dhaifu kwa anayeondoka kwa kuachia klachi ghafla. Ya gia 6 ya STI ni imara. Ukiwa na bajeti ya kununua Impreza na ya kununua injini nyingine pembeni, nunua. Ukiwa na ya kwanza tu, subiri. Toyota GT86 nayo ni tamu, kilo 1,230 na nguvu za farasi 200, lakini tumbo lake liko milimita 130 kutoka ardhini. Pima hilo dhidi ya matuta ya vijiji vya njiani kati ya Kaliua na Uvinza, halafu ujiulize utaanza kuvua bampa lini.

Kuagiza mwenyewe kutoka Japani kuna faida kama unajua kusoma karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari. Daraja 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari limegongwa na kurekebishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kilichobadilishwa, S na C ni kutu. Magari ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, yametembea kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwa hiyo omba picha za chini. Kwenye kodi, umri unaumiza kuliko injini: ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000 na 10 kwa zaidi ya hapo, na gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 za uchakavu. Viwango hubadilika na bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA siku unayotaka kulipa. Kwa kuwa Runx Z na RS200 zote zimeshavuka umri huo, mara nyingi ni nafuu kununua iliyokwisha kuingia nchini, ukaikagua kwa mikono yako.

Ukaguzi usiopaswa kukosa ni wa kompresheni, yaani kupima kwa geji presha ya kila silinda. Injini iwe na joto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mtu akanyage akseleta hadi mwisho, piga stata mizunguko sita au saba kwa kila silinda. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, angalia vali au gasketi.

Gari likishakuwa lako, pesa ya kwanza iende kwenye breki na tairi. Egzosti na muziki vingoje.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishavuta maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Uwanjani diski zinapata joto kubwa, na mafuta ya zamani yanageuka mvuke ndani ya kalipa: pedali inazama hadi chini. Hiyo ni tofauti na pedi kuchoka, ambapo pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. Ukijua tofauti utajua cha kununua. Weka DOT 4 mpya, toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, na rudia kila mwaka. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa: vunja mwendo kutoka 80 hadi 20 kama mara kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba usukani unatetemeka.

Kwenye tairi, shuka saizi ya rimu. 215/45R17 ina ukuta wa milimita 97 hivi. 205/55R16 ina milimita 113, na kimo cha tairi zima kinatofautiana kidogo sana. Milimita hizo 16 ndizo zinazookoa rimu kwenye mashimo. Jaribu rimu moja kwanza kuona kama inapita kalipa. Soma namba nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini ya miaka minane ni plastiki tu. Upepo wa asubuhi uwe psi 32 au 33. Uwanjani joto litaupandisha kwa 4 hadi 6, upunguze hadi 35 hivi tairi zikiwa za moto, na usisahau kuurudisha kabla ya kuingia barabara kuu.

Springi usikate. Zilizokatwa zinacheza kwenye viti vyake, shokapu inafika mwisho wa safari yake kila tuta, na baada ya hapo inavuja. Ukitaka gari lishike kona, weka shokapu mpya na bushi mpya katika urefu wa kiwandani, alaimenti ya mbele iwe sifuri kwa tou (tairi zitazame mbele moja kwa moja), na kemba ya digrii 1.5 hasi (tairi zilale kidogo ndani kwa juu) ikiwezekana. Funga sahani ya alumini ya milimita 4 chini ya sampo, yenye tundu la kumwagia oili.

Halafu filta ya hewa. Vumbi la Tabora kuanzia Juni hadi mvua za Novemba ni laini kama unga. Filta za wazi zinazopiga kelele ndani ya boneti zinavuta hewa ya moto na kuchafua sensa ya hewa; vumbi linalopita linasaga ringi. Baki na boksi la kiwandani na filta ya karatasi, ikague kila kilomita 5,000, na hakikisha klipu za boksi zote zimebana. Rejeta nayo ioshwe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, maana mbegu za nyasi zinajaa kwenye mapezi yake bila kuonekana kwa mbele.

Kuhusu uwanja wenyewe: Tabora na Kigoma hazina njia ya mbio ya lami. Kinachowezekana ni koni kwenye eneo wazi la changarawe, kwa ruhusa ya mwenye eneo na polisi kujulishwa, au kusafiri kwenye matukio yanayosimamiwa na AAT, chama cha magari Tanzania. Barabara ya watu si uwanja. Kwenye makazi kikomo ni 50 kwa saa, na tochi ikikukosa kuna mtoto anayevuka kwenda shule. Chukua helmeti ya magari, kwa sababu ya pikipiki haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Na mtungi wa zimamoto wa kilo 2 uliofungwa kwa bolti, usiozunguka sakafuni.

Asubuhi hiyo oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti. Toa jeki, spea tairi na kila kilicho kwenye buti. Endesha raundi tatu au nne, kisha raundi moja ya taratibu ya kupoza, na ukisimama usivute hendibreki: pedi zitang'ang'ania diski yenye moto. Acha gari kwenye gia na weka jiwe nyuma ya tairi. Gari la tabo liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isiungue kwenye bering za tabo.

Kabla ya kurudi nyumbani, kagua chini kama kuna oili au mafuta ya breki yanayovuja, pima tena kijiti, gonga filta ya hewa, jaza upepo. Nati za magurudumu za Toyota hukazwa Nm 103 kwa spana ya kipimo, gari likiwa limepoa, kisha zinapimwa tena baada ya kilomita 50. Kwenye barabara ya kokoto, fanya hivyo kila mara rimu zinapotolewa.